Limeigwa au Yamefanana Tu? Mwongozo Kamili wa Kupima Magari Mawili Kabla ya Kutoa Hukumu

Gari jipya likizinduliwa, haipiti saa moja kabla mtu hajaweka picha mbili kando kwa kando na kuandika: "Hawa jamaa hawana haya, wamekopi." Ukiziangalia vizuri, picha moja ni ya studio na nyingine imepigwa barabarani, pembe haziwiani, na anayelaumu ameangalia taa na grili tu. Wenzake wanaitikia, wengine wanabisha, na jioni ikifika hakuna anayejua zaidi ya alichojua asubuhi.

Mabishano hayo nimeshiriki sana, na nimeumbuka mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Siku moja nilishikilia kutwa nzima kwamba Alfa Romeo 164 imeiba sura ya Peugeot 405. Zote zilitoka mwaka 1987, zote zina mistari iliyonyooka kama imepigwa rula. Nikaja kuelezwa na mtu mpole kuliko mimi kwamba zote mbili zilichorwa Pininfarina, studio ileile ya Italia. Aliyeibiwa hakuwepo. Tangu hapo nimejiwekea utaratibu, na ndio huu ninaouandika.

Wazo lake ni moja. Magari mawili kufanana hakujathibitisha chochote. Kinachothibitisha ni kufanana katika mambo ambayo mbunifu hakulazimishwa na yeyote wala chochote kuyafanya hivyo. Kwa hiyo kazi yetu kubwa ni kuchambua: tutoe kila mfanano wenye maelezo yake, kisha tuone kilichobaki.

Hatua ya 1: Funika uso, tazama ubavu

Akili ya binadamu imeumbwa kutambua nyuso. Gari nalo kwa mbele lina macho mawili na mdomo, basi tunalisoma kama mtu. Ndiyo maana mabishano yote huanzia kwenye taa na grili. Lakini uso ndio sehemu rahisi kubadilishwa. Mtengenezaji mwenyewe hulibadilisha gari uso katikati ya maisha yake: bampa mpya, grili mpya, taa mpya, na milango ni ileile. Milango, paa na nguzo zake vinahitaji kalibu kubwa za kupigia bati, na kalibu hizo ni ghali mno. Anayetaka kuiga na asionekane ataweka uso wake juu ya mwili wa mwenzake. Na gari ambalo halijaiga kitu linaweza kuwa na uso unaokumbusha gari lingine huku mwili ukiwa wake kabisa.

Mfano ninaoupenda ni wa Great Wall Peri ya Uchina na Fiat Panda ya Italia. Ukitazama mbele, Peri ina uso wake. Ukitazama ubavu, umeiona Panda. Mahakama ya Torino ilipolisikiliza shauri hilo mwaka 2008 ilisema karibu maneno hayo: Peri haionekani kuwa gari tofauti, ni Panda iliyowekewa uso mwingine. Ikazuiwa kuingizwa Ulaya.

Sasa fanya hivi. Tafuta picha za ubavu za magari yote mawili, zilizotolewa na watengenezaji wenyewe, na zote zigeuzwe zitazame upande mmoja. Usitumie picha ya simu iliyopigwa kwa karibu. Inavimbisha pua ya gari na kufupisha mkia. Kama huna budi kupiga mwenyewe, rudi nyuma hatua nyingi, chuchumaa mpaka kamera ilingane na kitasa cha mlango, kisha uvute picha kwa lenzi.

Ukishazipata, zikuze au zipunguze mpaka umbali kati ya ekseli mbili ulingane kwa uwiano halisi. Umbali huo huandikwa kwenye jedwali la vipimo vya kila gari, kwa hiyo hapa hakuna kubahatisha. Chapisha, weka karatasi nyepesi juu ya picha ya kwanza, na uchore kwa penseli mistari minne tu: paa kuanzia chini ya kioo cha mbele hadi mwisho wa mkia, mstari wa chini ya madirisha, nguzo za paa, na vituo vya magurudumu. Hamisha karatasi hiyo juu ya picha ya pili.

Nimefanya zoezi hili mara nyingi, na jambo linaloshangaza ni jinsi magari "yanayofanana kama mapacha" yanavyoachana mara tu karatasi inapohama. Paa moja linaanza kushuka juu ya kichwa cha dereva, jingine juu ya abiria wa nyuma. Nguzo ya mbele ya gari moja inaelekea katikati ya gurudumu, ya jingine inaangukia nyuma yake kabisa. Hiyo tofauti ya mwisho iangalie kwa makini: umbali kutoka gurudumu la mbele hadi mwanzo wa mlango hutegemea jinsi injini ilivyolazwa na ni magurudumu gani yanayoendeshwa. Huwezi kuubadilisha kwa bampa. Magari mawili yanayotofautiana hapo yametofautiana kwenye mifupa.

Mistari ikilala juu ya mingine kwa unene wa penseli, usishangilie bado. Nenda hatua ya pili.

Hatua ya 2: Uliza kama ni ndugu

Hili ndilo swali linalosahaulika kuliko yote, na ndilo linalomaliza kesi nyingi kwa dakika tano. Magari mengi yanayofanana ni gari moja lenye nembo mbili, kwa makubaliano yaliyotiwa saini.

Peugeot 107, Citroën C1 na Toyota Aygo za mwaka 2005 zilitoka kiwanda kimoja, Kolín, Jamhuri ya Cheki. Toyota 86 na Subaru BRZ ni pacha. Toyota Passo ni Daihatsu Boon. Mercedes X-Class, ile pikapu iliyodumu miaka michache tu kuanzia 2017, ilijengwa juu ya Nissan Navara. Mazda BT-50 kwa muda mrefu ilikuwa ndugu wa Ford Ranger, kisha mwaka 2020 ikahamia kwa Isuzu D-Max. Aliyezoea undugu wa kwanza anaweza kuutazama undugu mpya na kupiga kelele kwamba Mazda imemwibia Isuzu.

Njia ya kuhakikisha ni namba ya chesisi, ile yenye tarakimu na herufi 17. Tatu za mwanzo zinamtaja mtengenezaji na eneo la dunia alikosajiliwa. Fiat 124 Spider iliyotoka 2016 ina jina la Kiitalia na sura ya Kiitalia, lakini namba yake inaanza na J, yaani Japani, kwa sababu ilijengwa Hiroshima pamoja na Mazda MX-5. Ukikuta magari mawili ya chapa hasimu yana mwanzo wa namba unaoelekeza sehemu moja, weka penseli chini.

Undugu una ngazi zake, na hapa ndipo watu huteleza. Kuna kushiriki gari zima. Kuna kushiriki sehemu ya chini tu, huku bati la juu kila mtu akijichorea. Miaka ya 1980 Fiat Croma, Lancia Thema, Saab 9000 na ile Alfa 164 iliyoniumbua zilijengwa juu ya msingi mmoja. Tatu za kwanza zinafanana milango waziwazi. Ya nne ilivaa mwili wake peke yake, na asiyeambiwa hajui kama ni wa familia hiyo. Toyota Supra ya 2019 na BMW Z4 nazo zinatoka kiwanda kimoja cha Graz, Austria, na hakuna anayezichanganya.

Halafu kuna kushiriki kipande kimoja tu. Aston Martin DB7, gari la matajiri, ina taa za nyuma za Mazda 323. Wakati huo Aston Martin ilikuwa chini ya Ford, na Ford ilikuwa na hisa Mazda. Taa zilikuwepo, zikachukuliwa. Lamborghini Diablo za mwishoni zina taa za mbele za Nissan 300ZX. Kutengeneza taa mpya kwa gari linalouzwa kwa mamia tu ni hasara, basi watu wananunua iliyopo. Ukiona taa zinazofanana kabisa kwenye magari yasiyofanana kwa lolote lingine, nenda kwenye orodha ya spea kabla ya kwenda mahakamani.

Ngazi ya mwisho ni leseni. Lada ya kwanza, VAZ-2101 ya mwaka 1970, ni Fiat 124 kwa ruhusa ya Fiat yenyewe, ikaimarishwa kwa barabara mbovu na baridi. Nissan katika miaka ya 1950 ilijifunza kazi kwa kuunda magari ya Austin kwa leseni, Isuzu ikaunda ya Hillman, Hino ikaunda ya Renault. Huo ulikuwa ununuzi wa elimu kwa pesa taslimu.

Hatua ya 3: Toa kila kilicholazimishwa

Kama si ndugu, sasa uliza: ni nini kiliwalazimisha wote wawili kufika palepale?

Mfano bora ni Toyota Prius ya kizazi cha pili, 2003, na Honda Insight ya 2009. Insight ilipotoka, kilio kilikuwa kimoja: Honda wameiga Prius. Na kweli, zisimamishe pamoja uone: pua fupi iliyoinama, paa linalopanda kisha kushuka taratibu kama mgongo wa samaki, mkia mrefu uliokatwa wima, na kioo cha nyuma kilichogawanyika vipande viwili, kimoja kimelala na kingine kimesimama chini yake.

Sasa tuchambue. Gari la kubana mafuta linapigana na hewa. Umbo linalopita hewani kwa urahisi ni tone la maji: kichwa cha duara, mkia unaochongoka polepole. Lakini mkia kamili wa tone ungekuwa mrefu kupita kiasi. Katika miaka ya 1930 mhandisi Mjerumani Wunibald Kamm na wenzake walionyesha kwamba unaweza kuukata mkia huo ghafla na faida kubwa ukabaki nayo. Prius ilifikia kipimo cha upinzani wa hewa cha 0.26, Insight 0.28. Wahandisi wawili wanaotafuta namba ileile, kwenye gari la urefu uleule na abiria watano, watakutana njiani wakitaka wasitake. Paa na mkia tuviondoe kwenye mashtaka.

Na kile kioo kilichogawanyika? Nacho kimezaliwa na mkia huohuo: ukiukata mkia juu, dereva haoni nyuma, basi unatoboa dirisha la pili kwenye ule ukuta wima. Lakini tazama nani alilitoboa mapema. Honda CRX ya mwishoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa nalo. Insight ya kwanza ya 1999 ilikuwa nalo. Kama kuna deni hapo, Prius ndiyo inayodaiwa. Hukumu yangu: Honda waliliona soko la Prius na wakalitaka, hata sura ya jumla hawakuona haja ya kuikimbia, lakini umbo lenyewe lilikuwa limelazimishwa, na kitu kimoja kilichoonekana kuibwa kilikuwa chao tangu zamani.

Sheria nazo huchonga magari. Kanuni za Ulaya za kumlinda mtembea kwa miguu, zilizoanza kuhusu aina mpya za magari mwaka 2005, zilitaka boneti iache nafasi ya kubonyea juu ya injini ngumu. Boneti za Ulaya na za wote wanaotaka kuuza Ulaya zikapanda juu, pua zikawa nene. Zile taa za kuibuka kutoka ndani ya boneti zikatoweka. Chevrolet Corvette ya kizazi cha tano na Lotus Esprit ndizo zilizofunga ukurasa huo, 2004. Nguzo za paa zimenenepa ili gari likipinduka lisimponde aliyemo. Mtu anayesema "magari ya siku hizi yote sawa" hajakosea, amekosea tu mtuhumiwa.

Mitindo ya msimu nayo usiipe uzito. Taa nyembamba juu karibu na boneti na taa kuu zimeshushwa chini kwenye bampa: Nissan Juke ya 2010, Citroën, Jeep Cherokee, Hyundai Kona. Mstari wa taa unaokatiza mkia mzima kutoka upande mmoja hadi mwingine: nani hana leo? Huko ni kuiga, lakini kuiga wazo. Hakuna anayemiliki wazo la taa ndefu.

Hatua ya 4: Panga tarehe

Gari huchukua kama miaka mitatu hadi mitano kutoka mchoro hadi mteja, na umbo la nje hufungwa muda mrefu kabla ya uzinduzi, maana kalibu za bati zinahitaji muda. Kwa hiyo magari mawili yaliyozinduliwa yakiachana miezi minane hayajaigana kwa kutazamana. Aliyetangulia alikuwa bado siri wakati mwenzake anakata chuma. Yakifanana, rudi hatua ya pili na ya tatu, au nenda ya tano.

Kosa la kawaida ni kuhesabu kuanzia siku gari lilipoanza kuuzwa. Hesabu kuanzia siku lilipoonekana hadharani kwa mara ya kwanza, pamoja na gari la maonyesho lililotangulia. Range Rover Evoque ilianza kuuzwa 2011, lakini gari la maonyesho lililoizaa, LRX, lilionekana Detroit Januari 2008, karibu kama lilivyokuja kuuzwa. Landwind X7 ya Uchina, iliyoshtakiwa kwa kuiiga, ilionyeshwa Guangzhou mwishoni mwa 2014. Hapo katikati kuna zaidi ya miaka sita. Mtuhumiwa alikuwa na muda wa kutosha, hata wa kunywa chai.

Hatua ya 5: Fuata mkono uliochora

Wabunifu ni wachache na wanahama. Peter Schreyer, ambaye jina lake limefungamana na Audi TT, alihamia Kia mwaka 2006 na kuwapa grili iliyobanwa katikati inayotambulika hadi leo. Luc Donckerwolke alichora Lamborghini, akapita Bentley, akaishia kwenye kundi la Hyundai. Watu walipoanza kusema Genesis, chapa ya kifahari ya Hyundai, ina kitu cha Bentley, jibu lilikuwa kwenye orodha ya mishahara. Frank Stephenson ana mkono wake kwenye BMW X5 ya kwanza, Mini mpya na Fiat 500 ya 2007. Hizo mbili za mwisho zina roho moja, na si ajabu.

Michoro nayo huhama bila mchoraji. Italdesign, studio nyingine ya Italia, ilimtengenezea Fiat gari dogo la maonyesho, Lucciola, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Fiat hawakulitaka. Wazo likaenda Daewoo, likazaa Matiz. Matiz nayo ikaja kuwa mlalamikaji: Chery QQ ya Uchina ya 2003 ilifanana nayo kiasi kwamba GM Daewoo ilikwenda mahakamani, na mwaka 2005 pande hizo zikamalizana nje ya hukumu.

Hatua ya 6: Tafuta kisicholazimishwa

Umetoa undugu, umetoa hewa na sheria, umetoa mitindo, tarehe zinaruhusu, mkono si mmoja. Kilichobaki mezani ndicho cha kutazamwa kwa darubini. Rudi kwa Evoque na Landwind X7, tuzitazame polepole.

Anza ubavuni. Paa la Evoque linashuka kuelekea nyuma wakati mstari wa chini ya madirisha unapanda, hivi kwamba dirisha la nyuma linabaki kama ufa. Aerodinamiki haikuagiza hivyo. Kwa abiria wa nyuma ni usumbufu mtupu. Ni uamuzi wa mchoraji aliyetaka gari la juu lionekane limeinama kama la michezo. Nguzo zimepakwa weusi ili paa lionekane linaelea. X7 ina paa hilo, dirisha hilo, nguzo hizo. Geukia mbele: boneti iliyofunika kingo za madigadi kama kifuniko cha sahani, na taa zinazozunguka kona. Ipo. Nyuma: kioo chembamba, taa zilizokaa palepale kwa umbo lilelile, na maandishi ya jina yametandazwa kwa herufi zilizoachana. Hata maandishi! Hakuna upepo wala sheria inayopanga nafasi kati ya herufi za jina.

Kitu kimoja kama hicho ni bahati. Viwili, tuseme mitindo. Vikiwa vitano au sita kwenye gari moja, na vyote vinaelekea gari moja lilelile, bahati imekwisha. Ndivyo ilivyoona hata mahakama ya wilaya ya Chaoyang, Beijing, Machi 2019: sifa tano za kipekee za Evoque zilikuwa zimenakiliwa, na uuzaji wa X7 ukaamriwa usimame.

Kwa hiyo kwenye karatasi yako chora safu mbili. Kushoto andika kila mfanano. Kulia andika sababu nyingine inayoweza kuuzaa. Mstari ukibaki mtupu kulia, huo ndio ushahidi. Na uwe mkali kwa nafsi yako: andika pia tofauti, hasa zile usizozipenda kwa sababu zinaharibu hoja yako.

Hatua ya 7: Usichanganye jicho lako na hukumu ya mahakama

Hapa watu wawili wenye akili hubishana bila kukutana, mmoja anasema "wamekopi" na mwingine anajibu "mbona hawakufungwa?" Ni maswali tofauti.

Ulaya, umbo lililosajiliwa hulindwa hadi miaka 25, na ambalo halijasajiliwa miaka mitatu tu. Kipimo ni taswira ya jumla inayompata mtumiaji mwenye ufahamu, wala si kuhesabu nukta kwa nukta, na sura iliyoamuliwa na kazi ya kiufundi pekee hailindwi, yaani hatua yetu ya tatu imo ndani ya sheria yenyewe. Marekani hataza ya umbo, yaani haki ya kisheria ya kulimiliki, hudumu miaka 15, na kipimo chake kimetokana na kesi ya 1871 iliyohusu mikono ya vijiko na uma: je, mnunuzi wa kawaida angedanganyika?

Unaweza kuangalia usajili mwenyewe bila malipo. Ofisi ya Ulaya ya haki miliki, EUIPO, ina hazina inayoitwa DesignView, na WIPO, shirika la dunia la haki miliki, lina hazina yake ya dunia. Humo magari yamewekwa kwenye daraja la 12-08. Tafuta kwa jina la mmiliki, si jina la gari, maana michoro husajiliwa kabla gari halijapewa jina. Na hapa kuna faida ya pembeni: michoro hiyo mara nyingi haina rangi wala nembo, ubavu umenyooka kabisa. Ni malighafi bora kuliko picha yoyote kwa lile zoezi la karatasi nyepesi.

Ukifika kwenye hukumu, jiandae kushangaa. Ile Peri iliyozuiwa Torino, mwaka huohuo mahakama ya Shijiazhuang, Uchina, iliona si nakala. Haki hizi huishia mpakani. Evoque yenyewe ilipoteza hataza yake ya Uchina mwaka 2016 kwa sababu gari lilikuwa limeshaonyeshwa hadharani kabla ya ombi kuwasilishwa. Hataza ya Landwind nayo ikafutwa. Ushindi wa 2019 ulipitia mlango mwingine, wa ushindani usio wa haki. Honda iliishtaki kampuni ya Kichina ya Shuanghuan kwa gari lililofanana na CR-V, ikawaandikia wauzaji barua za onyo, na mwaka 2015 mahakama kuu ya Uchina ikaiamuru Honda ndiyo ilipe yuani milioni 16 kwa hasara iliyosababishwa na barua hizo. Mshtaki akawa mlipaji.

Iliyonichekesha zaidi ni ya Porsche. Mwaka 2019 mahakama ya Umoja wa Ulaya ilikubali kufutwa kwa usajili wa maumbo ya 911 mpya, shauri lililoletwa na mtengenezaji wa magari ya kuchezea, kwa sababu hayakuwa tofauti vya kutosha na 911 za zamani. Porsche ilishindwa na Porsche. Nayo Jaguar Land Rover ilitaka umbo la Defender lisajiliwe Uingereza kama alama ya biashara, ikakataliwa, na Agosti 2020 mahakama ikakubaliana na kukataliwa huko. Ineos Grenadier, inayofanana na Defender ya zamani na wala haifichi inakotoka, iko barabarani.

Zoezi la mwisho: Mahindra Roxor

Tumalizie kwa kesi inayopita kwenye hatua zote, ili uone utaratibu ukiteseka kidogo.

Roxor, gari la kampuni ya Mahindra ya India, ilitoka Marekani 2018, ikaunganishwa Auburn Hills, Michigan, mji uleule yalipo makao ya wenye Jeep. Funika uso, tazama ubavu: ni jeep ya zamani, bila ubishi. Undugu? Upo. Mahindra ilianza kuunda jeep za Willys, kampuni iliyounda jeep za vitani, kwa leseni mwaka 1947 na haikuacha. Vilivyolazimishwa? Vingi: bati lililonyooka ni rahisi kukunja, kioo cha mbele kilichosimama ni rahisi kukata. Tarehe na mkono uliochora vyote vinaturudisha kwenye vita vya pili vya dunia.

Mpaka hapo ningeiachia huru. Lakini wenye Jeep hawakudai hataza ya zamani. Walidai ule mwonekano unaomfanya mteja aseme "hiyo ni Jeep": mwili wa sanduku, boneti bapa inayopungua upana kuelekea mbele, upinde wa gurudumu wa pembe nne, madigadi yaliyotokeza mbele ya grili, vishikizo vya boneti vilivyo nje. Vishikizo vya nje! Nani aliwalazimisha mwaka 2018? Tume ya biashara ya kimataifa ya Marekani ikaamua mwaka 2020 kwamba Roxor imekiuka. Mahindra wakaichora upya, tume ikaikubali ile mpya mwishoni mwa mwaka huohuo. Kisha 2022 mahakama ya rufaa ikasema shauri la ile mpya lirudi likasikilizwe tena, kwa sababu aliyekwisha kupatikana na kosa anatakiwa kukaa mbali zaidi kuliko mtu asiye na doa.

Kwenye karatasi yangu, safu ya kulia ya Roxor imeandikwa "leseni, 1947" karibu kila mstari. Mbele ya vishikizo vya boneti nimeandika, nikafuta, nikaandika tena, na sasa hivi pana alama ya kuuliza.